Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazifahamu: tuliadhimisha Siku ya Wakunga tarehe 5 Mei, Siku ya Kutokomeza Fistula tarehe 23 Mei na Siku ya Fiziotherapia tarehe 8 Septemba, tukafundisha mazoezi ya nyonga kwenye kliniki za wajawazito, na vikao vilifanyika kama katiba inavyotaka.

Suala la kompyuta ndilo linalohitaji maelezo.

Kamati iliponunua kompyuta yenye uwezo mkubwa kwa ajili ya kikundi chetu kinachojenga modeli, yaani mifano ya kompyuta, za misuli ya sakafu ya nyonga (ile inayoshikilia kibofu na kizazi kutoka chini), maneno yalikuwa mengi. Wapo waliouliza mkunga na hesabu za wahandisi wapi na wapi. Wengine walisema fedha hizo zingenunua vifaa vya mazoezi. Pendekezo lile nililileta mimi, nikalitetea mbele ya kamati, na leo nalitetea mbele yenu.

Kila wiki tunapokea kina mama wanaovuja mkojo wakikohoa, na wengine walioshuka kizazi. Tunawaambia misuli imelegea. Imelegea wapi, na kwa nini upande mmoja tu? Huwezi kumwekea mama aliye katika uchungu kipimo cha mvutano ndani ya msuli. Haiwezekani, wala si haki. Ndiyo maana mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichukua picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) za mwanamke ambaye hajazaa, wakaijenga misuli yake ndani ya kompyuta, kisha wakapitisha humo kichwa cha mtoto. Sehemu ya katikati ya levata ani, msuli mkuu wa sakafu ya nyonga, ile fupi iliyoshikana na mfupa wa kinena, ilivutika hadi mara 3.26 ya urefu wake. Yaani msuli wa sentimita 4 ufike 13! Na hapo hapo ndipo ultrasaundi huonyesha msuli uliochomoka kwenye mfupa baada ya uzazi. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, nao walionyesha kwamba kisogo cha mtoto kikielekea mgongo wa mama, misuli huvutwa zaidi. Wakunga mlilijua hilo kwa mikono yenu; sasa lina vipimo.

Mwanachama mmoja alisema modeli si mwanamke. Ni kweli. Baadhi ya vipimo vya ugumu wa misuli vimetokana na maiti za wazee, ilhali tishu za mjamzito hulainika. Tena modeli hizo hazikujengwa kwa nyonga za kina mama tunaowahudumia sisi. Lakini modeli za nyonga zao hatutazipata kwa kukaa pembeni. Programu tunayotumia, FEBio, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Utah, hatuilipii. Gharama ilikuwa mashine tu. Umeme na mtandao wa miezi ya mwanzo nililipia mfukoni mwangu, na sijaomba kurudishiwa.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Semina za kikundi zilipata watu 9, mara nyingine 6, na waliopinga kwa sauti kubwa zaidi hawakuonekana hata mara moja. Milango ilikuwa wazi, chai ilikuwepo.

Kuhusu fedha: tulianza na sh. 5,210,000. Wanachama 120 walipaswa kulipa ada ya sh. 60,000 kila mmoja, jumla sh. 7,200,000, waliolipa ni 58, sh. 3,480,000. Kompyuta sh. 4,650,000, ukumbi, usafiri na benki sh. 2,390,000, salio sh. 1,650,000. Anayesema kompyuta imefilisi chama azitazame ada zisizolipwa, sh. 3,720,000, kisha aniambie.

Mwakani, Mungu akipenda na hali ikiruhusu, tunatarajia kupata kibali cha maadili na hospitali itakayokubali kushirikiana nasi kwenye picha za MRI, ili tujenge modeli yetu wenyewe. Mazungumzo ya awali yameanza. Vifaa vya mazoezi navyo tutaviangalia kadiri mfuko utakavyoruhusu. Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti