Mdogo wangu, kabla hujaanza doktora ya saikolojia

Mdogo wangu mpendwa,

Mama ameniambia kwamba umemaliza masta na sasa unataka kuunganisha doktora, ili upate kazi nzuri kwenye mashirika ya misaada. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nikuandikie.

Mashirika hayadai doktora. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakitafuta mwanasaikolojia wa kukaa na wagonjwa, wanaomba shahada ya lisansi au masta, pamoja na uzoefu. Hata Ufaransa, ambako tangu 1985 sheria inalinda jina la kazi yetu, masta inatosha. Marekani ndiko kwenye mambo mengine: karibu kila jimbo linataka doktora kabla ya kukupa leseni ya mwanasaikolojia anayetibu kwa kujitegemea, na PhD inakula miaka 5 hadi 7. Usijipimie huku kwa kipimo cha kule.

Doktora inafungua mlango wa chuo kikuu. Kwetu, bila hiyo unabaki asistanti, halafu CT (chef de travaux, ngazi ya chini ya profesa), uprofesa huupati. Ni kazi ya heshima, nami ningefurahi sana kukuona darasani. Ila migomo ya mishahara unaijua.

Sasa nikuulize: una swali gani? Doktora bila swali la kwako ni mateso matupu. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, tangu 1999 imetufundisha kwamba upasuaji peke yake haumponyi mwanamke aliyebakwa. Ndiyo maana kule daktari, mwanasaikolojia na mwanasheria wanashirikiana. Lakini kuna jambo linaniuma. Mama mmoja mgonjwa anakuja mara ya tano, ameanza kupata usingizi, ameanza kulitaja jina la mtoto aliyempoteza. Wiki inayofuata anakuta kufuli mlangoni: mradi umekwisha. Mlinzi anamwambia ajaribu Jumatatu. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada, miradi mingi huku mashariki ilifungwa hivyo hivyo, na wenzetu wengi wakabaki bila kazi. Wale wamama je? Nani aliyewafuata hadi mtaani kwao Kadutu baada ya mwaka, akakaa nao, akajua wanaendeleaje?

Swali la namna hiyo likikunyima usingizi, andika mradi wako wa utafiti, tafuta promota (profesa wa kukusimamia), nami nitachangia ada. Ikiwa unachotafuta ni kazi, njoo kwanza ufanye stajo, yaani mazoezi ya kazi, mwaka mmoja, ukae na wagonjwa.

Nijibu wiki hii, tafadhali. Baba amekwisha kuanza kutafuta mteja wa kiwanja, ili alipie masomo yako.

Dada yako