Baba, ndama wachanjwe kabla ya masika

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na fedha za muhula zimenifikia salama kupitia kwa shemeji wa Mutukula. Asanteni sana. Mama, usihangaike na habari za chakula: matoke ni yale yale ya kwetu, ila huku Buganda huyafunga kwenye majani ya mgomba na kuyapika kwa mvuke mpaka yalainike kabisa. Darasani ni Kiingereza mwanzo mwisho, lakini bwenini ni Kiswahili tu, maana nakaa na Mkenya wa Busia na dada mmoja wa Arua aliyekua na Kiswahili nyumbani kwao.

Baba, barua hii nimeiandika kwa ajili ya ndama.

Tumetoka mafunzo ya vitendo Kiruhura, kwenye ng'ombe wa Ankole wenye zile pembe ndefu kama za Bihogo wetu. Zizi la kwanza tu, tukaoneshwa ndama amesimama peke yake, hanyonyi, sikio limejaa kupe wa kahawia. Nikampima joto: nyuzi 41. Ndama mzima huwa kwenye 38 na nusu hadi 39 na nusu. Chini ya sikio mtoki umevimba, ukiubonyeza ni mgumu. Mwalimu akanipa sindano, nikavuta maji kidogo ya mtoki, nikayapaka kwenye kipande cha kioo, tukakausha, tukatia rangi ya Giemsa. Kwenye hadubini nikawaona wenyewe: vidoa vya buluu ndani ya chembe nyeupe za damu. Vinaitwa kwa jina la Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu. Ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Nilimkumbuka ndama wa Bihogo pale pale.

Mnakumbuka tulimchoma oksitetrasaiklini siku tatu mfululizo, akafa akitokwa na povu puani. Dawa haikuwa mbovu, wala hakuna aliyezembea. Dawa ile haiponyi ndigana kali ikishaonekana. Kijidudu cha ugonjwa huu huingia ndani ya chembe nyeupe, zile zile zinazopaswa kuulinda mwili, kikazifanya zigawanyike ovyo kama saratani, na kila zinapogawanyika nacho kinagawanyika pamoja nazo. Ndiyo maana mitoki inavimba, na mwisho mapafu yanajaa maji. Hapo inayotakiwa ni buparvakwoni, nayo itolewe mapema, siku za mwanzo za homa. Ndama akishaanza kuhema kwa shida, hata hiyo mara nyingi haimwokoi.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikose usingizi kwa furaha. Kuna chanjo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na watafiti wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Kupe wenye ugonjwa hulishwa kwenye sungura, kisha husagwa, na vijidudu vyao hai huhifadhiwa kwenye mirija ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Ni aina tatu za kijidudu hicho zilizochanganywa, na moja asili yake ni Serengeti. Ndama anachomwa mara moja karibu na sikio, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Ndiyo, dawa ile ile! Ikitolewa siku moja na vijidudu, inawapunguza kasi mwanzoni kabisa, kabla hawajaenea, mwili ukapata nafasi ya kuwatambua na kuwashinda. Ndama akishapita hapo, kinga hiyo kwa kawaida anakaa nayo maisha. Wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania wameitumia tangu miaka ya 1990, kwa hiyo si jambo la kujaribiwa kwetu.

Naijua hofu yako, Baba: kumpa ndama mzima ugonjwa ulio hai. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana lazima achanje mtaalamu aliyefunzwa, akadirie uzito vizuri ili oksitetrasaiklini itoshe, kisha ndama waangaliwe wiki zinazofuata, na atakayepata homa kali atibiwe mara moja. Mtu akija na chupa mfukoni akasema ni chanjo ya ndigana, mfukuze. Hii hutembea kwenye mtungi wa naitrojeni, na mrija ukishayeyushwa hutumika siku hiyo hiyo.

Mrija mmoja huchanja ndama wengi, kwa hiyo ukimwita mtaalamu kwa ndama wetu peke yao, gharama itaumiza. Zungumza na Mjomba na majirani wa bondeni mkusanye ndama wenu zizi moja, halafu muone afisa mifugo wa kata. Hata ikibidi tuuze yule dume mwekundu, mimi nakubali.

Kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kusisimame, maana magonjwa mengine ya kupe, ndigana baridi na kukojoa damu, hayazuiwi na chanjo hii. Ila dawa ipimwe kwa kipimo cha kwenye kibandiko, wala msichanganye aina mbili. Huku Uganda magharibi kupe wamekuwa sugu, na kuna wafugaji waliofika kupulizia ng'ombe sumu ya mazao. Kuyaona hayo kwa macho kumenitisha.

Mama, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa msinywe wala msiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Mengine yote chemsheni, hata kama Bibi anapenda mabichi. Homa ya kutupa mimba inapita humo.

Shangazi aliniuliza kwa nini sikusomea uuguzi wa watu. Mwambieni ada yangu imetoka kwenye maziwa, na kwetu ng'ombe akifa mtoto anarudi nyumbani kutoka shule. Kazi hii naipenda, wala sijioni nimekosa kitu.

Baba, nitumie ujumbe unijulishe ndama wako wangapi na kila mmoja ana umri gani. Nitakuja likizo na kipimajoto changu, nitakufundisha kukitumia.

Wasalimieni wote, na Bibi mpeni pole ya mguu.

Binti yenu awapendaye