Heri ya Sikukuu: Tokeni Mkapunge Upepo

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo? Nawasalimu kwa upendo siku hizi za kufunga mwaka. Mlio safarini mfike salama, mnaofanya kazi wakati wenzenu wamepumzika mpate nguvu, mlio vitandani mpate nafuu. Na wewe ambaye sikukuu hizi zimekukuta na msiba, au na upweke, au na mwaka ambao mambo yake hayakwenda ulivyopanga, salamu hizi nimeziandika nikikuwaza wewe kwanza.

Sikukuu ina deni lake. Halitajwi, ila kila mtu analijua: unatakiwa ufurahi. Unatakiwa utabasamu kwenye picha, ujibu kila ujumbe, ukae na watu mpaka usiku wa manane. Kwa aliyezika mpendwa wake mwaka huu, deni hilo ni zito. Kiti kitupu huonekana zaidi siku ambayo wengine wote wamekaa. Ndiyo maana, pamoja na kukutakia heri, nakuomba utoke nje. Usiende mbali kama huna nguvu. Mti ulio jirani na mlango unatosha, au kipande cha anga kinachoonekana kati ya mapaa, au njia yenye majani pembeni. Huko nje hakuna anayekudai furaha. Ukikaa chini ya mti saa nzima bila kusema neno, hutaulizwa una nini, na ukilia, upepo utaendelea kuvuma na ndege wataendelea na shughuli zao. Mimi naliona hilo kuwa faraja kubwa: kuwa mahali penye uhai mwingi bila kulazimika kujieleza.

Na msimu huu una mengi ya kutazama. Kila mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba, upande wa kaskazini wa dunia hupata mchana mfupi kuliko yote, na upande wa kusini hupata mchana mrefu kuliko yote. Kisha mambo hugeuka. Walio kaskazini huanza kurudishiwa mwanga, mwanzoni kwa kiasi kidogo mno ambacho huwezi kukigundua kwa macho, lakini unarudi. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari, dunia nzima huwa karibu na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, umbali wa kilomita milioni 147 hivi. Mwezi Julai umbali huo hufika karibu kilomita milioni 152. Walio kwenye baridi kali wakati huo wanaweza kushangaa, lakini baridi na joto la misimu hutokana na jinsi dunia ilivyoinama, wala hazitokani na umbali wa jua. Kwa hiyo tunapopeana heri ya mwaka mpya, sote, popote tulipo, tunakuwa tumelisogelea jua. Napenda sana kulijua jambo hilo.

Tazama pia mbayuwayu. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, na wengi wao huacha baridi ya Ulaya wakaruka maelfu ya kilomita, juu ya bahari na jangwa, hadi kusini mwa Afrika. Desemba huwa wamekwishafika, wanakimbizana na wadudu hewani. Miezi michache baadaye watairudia safari ileile.

Faraja ya nje si maneno ya kubembelezana tu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti alioufanya kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo. Baadhi yao walilala kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, na wengine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kumbuka kwamba hawakutoka nje hata kidogo. Walikuwa na dirisha tu.

Baadaye, mwaka 2019, ulitoka utafiti wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza. Wale waliokuwa wamepata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye bustani za umma, misitu au fukwe walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha. Ni kweli kwamba mwenye afya naye hutoka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo nisingependa mtu aichukue namba hiyo kama dozi ya daktari. Lakini jambo moja katika utafiti huo linanitia moyo: haikuwa na tofauti kama dakika hizo zilipatikana kwa mkupuo mmoja au kidogokidogo. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza, na mlinzi wa usiku anaweza akiwa njiani kurudi nyumbani.

Kama huzuni imekuibia usingizi, jaribu asubuhi. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huushinda mbali ule wa taa za chumbani, ingawa macho hayatuambii kwa sababu yanazoea haraka. Mwili hutumia mwanga huo kupanga saa zake, ujue lini uamke na lini ulale. Ukiweza, simu ibaki ndani. Sikiliza ndege yupi anaanza kulia. Kama mvua imenyesha juu ya ardhi iliyokauka, vuta pumzi: ile harufu inatokana kwa sehemu na vijidudu vidogo vilivyomo udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno.

Ombi langu la mwisho linawahusu wasioweza kutoka peke yao. Kama nyumbani kuna mzee ambaye ngazi zimemshinda, au mgonjwa, au mtu aliyejifungia tangu msiba, sikukuu hii mpe nusu saa yako. Msogezee kiti dirishani au kibarazani, mfunike vizuri kama kuna baridi, kisha kaa naye. Akitaka kuzungumza, mzungumze. Akinyamaza, nyamazeni pamoja. Na kama yuko mbali, mpigie simu ukiwa nje, umweleze unachokiona.

Nawatakia sikukuu njema na mwaka mpya wenye afya, amani na riziki. Walioondokewa, Mola awafariji. Heri kwenu nyote.