Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: fildi ya wahandisi isiwe ya wenye wajomba

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA WANAFUNZI WA UHANDISI

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na saiti ninazosimamia hupokea vijana wa fildi kutoka vyuo vikuu. Nianze na pongezi, maana ni haki yenu. Mpango wa shule 26 za sekondari za wasichana za sayansi, moja kila mkoa, ni kazi kubwa. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawalipia ada vijana waliong'ara katika sayansi kidato cha sita. Mlango wa kuingilia mmeupanua. Ninalolalamikia liko ndani.

Nafasi ya fildi, kwa sehemu kubwa, mwanafunzi hujitafutia mwenyewe. Chuo kinampa barua, naye anazunguka nayo. Mwenye mjomba kwa mkandarasi anapata nafasi kwa simu moja. Binti wa mkulima wa Namtumbo, asiye na ndugu Dar es Salaam, anapanda daladala na bahasha yake, kila mapokezi anaambiwa aiache, watampigia. Hawampigii. Mwishowe anachukua popote patakapomkubali, hata kama hapafanani na anachosomea, ilimradi daftari lake la kumbukumbu za fildi lisainiwe.

Akibahatika kufika saiti, yanaanza mengine. Wenzake wa kiume wanapelekwa kwenye zege, yeye anawekwa ofisini kupanga mafaili na kutoa fotokopi. Fomeni atakwambia anamhurumia na jua. Niliwahi kumpokea binti wa mwaka wa tatu aliyejua kwa kichwa kipimo cha slampu, kile cha kupima ulaini wa zege bichi: koni ijazwe kwa tabaka tatu, kila tabaka lichomwe kwa fimbo mara 25, koni inyanyuliwe wima, upimwe mshuko. Koni yenyewe hakuwa ameishika hata siku moja. Fildi mbili alizotangulia kufanya ziliishia mezani, na daftari lake lilikuwa na saini zote. Buti za saiti hazikumtosha, na choo kilikuwa kimoja, mlango hauna komeo. Mtu akikaa hapo kutwa nzima bila kunywa maji ili asiende chooni, zege atajifunza saa ngapi?

Mwenye ulemavu hata huko hafiki. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, lakini nenda kwenye karakana zetu nyingi ukahesabu ngazi, kisha uangalie mashine ya kukereza imefungwa kwa urefu wa nani. Wa kiti mwendo ataitazama kwa chini.

Wapo watakaosema tunataka kushusha viwango. Hakuna alama ninayoomba ipunguzwe. Fizikia na hisabati za kuingilia zibaki zilivyo. Ninaomba aliyezifaulu afundishwe kazi kama wenzake.

Dawa yake haihitaji majengo. Barabara, maji na umeme wa nchi hii vinajengwa kwa zabuni za umma. Kaa na mwenzako wa Ujenzi, mkataba wa mkandarasi utaje idadi ya wanafunzi atakaowapokea, na vyoo na vifaa vya kinga vinavyowafaa viingie kwenye gharama za mradi. Vyuo ndivyo vigawe nafasi hizo, vikianza na wasio na wa kuwapigia simu. Daftari nalo lidai kazi alizofanya mwanafunzi kwa mikono yake, moja moja, chuo kije kukagua. Bodi ya Usajili wa Wahandisi tayari ina mpango wa kuwalea wahitimu chini ya wahandisi wazoefu, na Norway iliwahi kufadhili wahitimu wa kike katika mpango huo. Wakati umefika fedha hiyo iwe yetu, na malezi yaanzie kabla ya kuhitimu.

Jambo la mwisho ni takwimu. Kila mwaka tunatangaziwa waliodahiliwa. Iagize Tume ya Vyuo Vikuu itangaze pia, kwa kila kozi ya uhandisi, wanawake wangapi na wenye ulemavu wangapi wamefika mwaka wa nne, na wangapi waliishia njiani na kwa nini. Bajeti yako husomwa bungeni kabla ya Juni kwisha. Ijayo itusomee na hizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa ujenzi,
Dar es Salaam.