Barua ya Malalamiko: Trela ya Boti Isiyoweza Kubeba Boti

Mwenye boti,
Dunga, Kisumu.

10 Machi 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya kuunda na kuuza trela,
Nakuru.

Bwana Meneja,

KUH: TRELA YA BOTI YENYE UWEZO MDOGO KULIKO NILIOAGIZA

Nadai trela nyingine inayoweza kubeba boti yangu, au nirudishiwe shilingi 290,000 nilizowalipa. Vyovyote mtakavyoamua, nadai pia gharama zilizonipata trela yenu iliponiangusha njiani. Nimepiga simu idara ya mauzo wakanielekeza karakana, na karakana wakanirudisha kwa mauzo. Ndiyo sababu leo nakuandikia wewe, kwa karatasi.

Agizo langu halikuwa na utata. Kabla sijatoa hata senti, nilimtumia afisa wenu wa mauzo kwa WhatsApp picha za boti, urefu wake (ni ya faiba, futi 23) na uzito wa kila kitakachokuwa ndani yake. Boti tupu, kwa mujibu wa walioiunda, kilo 640. Injini ya nguvu za farasi 60, kilo 114. Tangi la lita 100 likijaa petroli ni kama kilo 75, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Viti, turubai na mabomba ya kulishikilia, kilo 60. Betri, nanga na mnyororo wake, kamba, makasia, jaketi za kuokolea na sanduku la spana, kilo 70. Jumla kilo 959. Nikamweleza pia kwamba boti itasafiri na vitu vyake vyote, kwa sababu kazi yangu ni kutembeza watalii na mara nyingine naitwa mbali, hadi Kampi ya Samaki kule Baringo. Sina gari la pili la kubebea viti na mafuta.

Alinijibu kwamba trela ya tani moja inatosha na kilo 41 zitasalia. Hizo kilo 41 alizipiga hesabu yeye mwenyewe. Ujumbe wake ninao na nimeuchapisha, uko pamoja na barua hii.

Sasa naomba utume mtu uwanjani akasome kibati mnachopigilia kwenye trela za aina hiyo. Changu kinasema uzito wa jumla usizidi kilo 1,000, na trela ikiwa tupu ina kilo 310. Zile kilo 1,000 zimekwisha kuhesabu chuma, ekseli, matairi, winchi na trela yote kwa ujumla, ndipo mzigo ufuate. Ondoa 310, zinabaki 690. Boti yangu tupu ikishapanda, nafasi iliyosalia ni kilo 50, na injini peke yake ina 114. Yaani hata ningeacha viti, betri, nanga na kila tone la petroli nyumbani, bado trela yenu ingekuwa imezidiwa. Kibati hicho hakikuonekana kwenye picha mlizonitumia, na ankara yenu imeandika tu "trela ya boti, tani 1". Nilinunua kwa kuuliza swali moja, kama inabeba kilo 959, na nikajibiwa inabeba.

Afadhali mambo yangeishia hapo. Fundi wa huku Kisumu aliyekuja kuikagua baada ya ajali nitakayoieleza hapa chini alinionyesha jambo ambalo mimi, mtu wa maji, nisingeligundua. Matairi mliyoweka ni 155/70 R13, na baada ya vipimo hivyo pana namba 75. Namba hiyo ndiyo inayosema tairi moja linaweza kubeba uzito gani, na 75 maana yake ni kilo 387. Trela ina matairi mawili, kwa hiyo kilo 774. Kibati kinasema trela inaweza kufika kilo 1,000! Hata nikiwapunguzia kilo 100 zinazoegemea ndoano ya gari, ekseli inabaki na 900 na matairi hayaziwezi. Kwa hiyo kibati chenyewe si cha kweli, na hilo, Bwana Meneja, si langu peke yangu. Ni la kila aliyenunua trela ya aina hiyo kwenu na kuijaza mpaka kiwango mlichomwandikia.

Trela tupu ilikuja vizuri kutoka Nakuru hadi Kisumu, na hilo halishangazi. Ilipobebeshwa boti kwa mara ya kwanza kuelekea Baringo, ilianza kuyumba tangu tambarare za Ahero, mkia ukimvuta dereva huku na huku. Boti ya injini ya nje uzito wake uko nyuma. Ekseli ikikaa mbele kupita kiasi, ndoano inakosa uzito wa kuituliza trela. Mafundi wa trela za boti hutaka kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote uegemee ndoano, na kwangu mimi hilo lingekuwa kama kilo 63 hadi 127. Siku hiyo mtu mmoja aliweza kuinyanyua shingo ya trela kwa mkono mmoja. Dereva akapunguza mwendo. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Kapsoit tairi la kushoto likapasuka, ekseli ikapinda, na boti ikateleza kwenye vilaza, yaani sehemu za trela inakolazwa boti, ikachubuka chini upande mzima. Hakuna aliyeumia. Lingepasuka baada ya Mau Summit, kwenye mteremko wa Salgaa ambao ninyi watu wa Nakuru mnaujua kuliko mimi, huenda barua hii ingeandikwa na wakili wa watu wengine.

Baadaye nilipeleka boti na trela kwenye mizani ya magari ili pasiwe na ubishi. Mizani ilisoma kilo 1,280. Orodha yangu na kilo 310 za trela ni 1,269. Tofauti ni kilo 11, na ukiuliza nitasema ni maji yaliyobaki chini ya sakafu ya boti. Risiti ya mizani nimeambatisha.

Majibu mliyonipa kwa simu nayajibu hapa ili yasirudiwe. Mlisema pikapu yangu ina uwezo wa kuvuta tani mbili na nusu, basi tatizo halikuwa uzito. Uwezo wa gari kuvuta ni wa gari. Hauongezi nguvu ya ekseli wala tairi la trela, na inayovunjika ni sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, hata gari la mbele liwe trekta. Mkasema pia kwamba beringi zimeliwa na maji kwa kuwa trela ilizamishwa ziwani. Beringi zilifunguliwa mbele ya fundi zikiwa na grisi yake safi, na picha mnazo. Isitoshe, trela ya boti ambayo haitakiwi kuingia majini sijui mnatarajia ifanye kazi wapi.

La tatu ndilo lililonikera. Mlisema mteja alipakia kupita kiasi. Mteja alipakia kilo zilezile alizowaandikia, na mkazipokea, na mkamhakikishia. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na naona kilo zangu 959 zilikuwa nyepesi sana mezani kwa afisa wenu.

Mtu anayeunda trela za boti angefanya hesabu hii, na naieleza kwa sababu ndiyo ninayotaka itumike kwa trela mbadala. Anaanza na boti ikiwa tayari kwa safari, kilo 959, wala si boti tupu iliyo kwenye karatasi za muundaji. Anaongeza uzito wa trela yenyewe, ambayo ikiwa imara zaidi huenda ikafika kilo 350. Hapo ni 1,309. Kisha anaweka akiba ya asilimia 15 hivi, kwa sababu barabara zina mashimo, na boti ikinyeshewa usiku mzima na mvua ya masika kila lita ya maji ni kilo nzima. Anafika kilo 1,505. Trela yangu ilipaswa kuwa ya uzito wa jumla wa kilo 1,500 au zaidi kidogo, na ekseli, springi, matairi, winchi na kiungo cha ndoano vyote vikiwa vya kiwango hicho. Matairi mawili ya namba 98, kwa mfano, hubeba kilo 750 kila moja, jumla 1,500, na kwa uzito wangu yangetosha bila kuhema. Na breki. Katika nchi za Ulaya trela inayozidi kilo 750 kwa jumla lazima iwe na breki zake, na yenu haina hata breki ya mkono.

Gharama zangu ni shilingi 46,000 za lori lenye winchi na kurudisha boti Dunga, na shilingi 35,000 za kurekebisha faiba. Pamoja na bei ya trela ni shilingi 371,000. Kazi ya Baringo niliyoipoteza sijaitia humu, na msinilazimishe niitie.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kinamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012. Dai langu liko chini ya shilingi 1,000,000, kwa hiyo Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiliza.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii mnijibu kwa maandishi, mkionyesha mmechagua trela mbadala au kurudisha pesa, na lini mtalipa zile shilingi 81,000. Mkichagua trela, nitakuja Nakuru na boti ikiwa imebebwa na lori, tuipandishe mbele yenu na kuipeleka mizani kabla sijatia sahihi. Trela ya zamani iko Dunga, ekseli yake imepinda na matairi yake yangalipo. Mwaweza kuichukua wakati wowote wa mchana kwa gharama zenu.

Wako mwaminifu,

Mwenye boti, Dunga