Dada yangu anataka niifute filamu inayonifariji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa makamo, baba wa watoto wawili. Mke wangu alifariki dunia mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Naomba ushauri wako kuhusu jambo lililonitia kwenye mvutano na dada yangu mkubwa, mtu ambaye bila yeye sijui nyumba hii ingesimamaje.

Tangu msiba, dada ndiye anayewaamsha watoto, ndiye anayejua nani ana homa na nani hana daftari. Aliacha shughuli zake akaja kwangu bila kuombwa. Naye alimpenda sana wifi yake. Kwa hiyo sikuandikii ili nimseme vibaya.

Kinachotugombanisha ni filamu. Usiku watoto wakishalala huwa natazama Brokeback Mountain, ile ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Ang Lee. Inasimulia vijana wawili wa Marekani, Ennis na Jack, wanaokutana mwaka 1963 wakichunga kondoo mlimani huko Wyoming. Wanapendana, na penzi lao wanalificha kwa miaka mingi, kila mmoja akiwa ameoa na kuzaa. Niliikuta wakati natafuta chochote cha kunisogezea usiku.

Sehemu inayonishika ni ya mwishoni, Jack anapokufa. Ennis anapata habari kwa postikadi aliyomwandikia mwenzake, inayorudishwa ikiwa imegongwa mhuri kwamba mwenyewe ni marehemu. Anampigia simu mke wa Jack, anasimuliwa kifo chenyewe kwa sauti kavu, na hana la kusema, kwa sababu mbele ya watu yeye ni rafiki tu wa kwenda naye kuvua samaki. Anasafiri hadi kwa wazazi wa Jack kuomba majivu akayamwage mlimani, kama marehemu alivyotaka. Baba anakataa. Mama hasemi mengi. Anamwambia chumba cha mwanawe kiko vilevile, akipenda apande akakione. Huko juu, kabatini, Ennis anakuta shati lake mwenyewe, alilodhani lilipotelea mlimani, limevikwa ndani ya shati la Jack kwenye hanga moja. Anayakumbatia, anayanusa. Akishuka nayo yule mama haulizi kitu, anayatia kwenye mfuko wa karatasi ili aondoke nayo.

Shangazi, hapo nililia. Msibani sikulia. Nilikuwa napokea watu, naulizwa viti viko wapi, naitwa huku na kule, na kila aliyenishika mkono aliniambia nijikaze, watoto wananitazama. Nikajikaza kweli, hata walipoondoka sikuweza tena kulegea. Nguo za mke wangu ziligawiwa mapema, kwa nia njema, ili nisiumie nikiziona. Lilibaki sweta moja la kijivu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa stoo, hakuna aliyelikumbuka. Kiwiko cha kushoto kimetoboka, na mfukoni mlikuwa na kibanio chake cha nywele. Nilikuwa nalinusa kwa kujificha na kuogopa kwamba akili inaniruka. Kumwona mwanaume mwingine, tena mgumu wa maneno kama mimi, ameegemeza uso kwenye shati la mtu aliyempenda, kulinitoa hofu ile.

Nimefikiri sana kwa nini iwe filamu hii, wakati za mume na mke aliyefiwa zipo tele. Kuna mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui, ya mtu aliyefiwa lakini hapewi pole kwa kuwa penzi lake halikuhesabiwa kuwa penzi. Ennis ni mtu huyo hasa. Mimi nilipewa pole na umati, nikaketi mstari wa mbele, jina langu likasomwa. Nilipewa kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuvunjika. Yeye hakupewa lolote, ila mama mmoja alimwachia mlango wa chumba wazi. Ninapoitazama namwonea uchungu yule bwana, na uchungu wangu nao unapata pa kutokea. Nikimaliza, nalala hadi asubuhi.

Sasa, usiku mmoja dada alitoka kunywa maji akanikuta sebuleni machozi yananitoka, na kwenye skrini wanaume wawili wamekumbatiana. Alizima televisheni mwenyewe. Akaniambia naileta laana kwenye nyumba yenye yatima. Kisha akaniuliza kama mke wangu alijua ameolewa na mtu wa namna gani. Swali hilo liliniuma mno, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya marehemu, maana miaka yetu pamoja haikustahili kutiliwa shaka hivyo. Kesho yake ndugu zangu walianza kupiga simu. Wameitisha kikao Jumamosi ijayo. Sharti la dada ni moja: niifute filamu ile na niseme mbele ya wote kwamba sitaiangalia tena, au afungashe aondoke.

Ningeweza kuyamaliza haraka. Ningesema watu wale nawachukia na kwamba nilikuwa natazama milima na farasi tu. Wote wangepumua, chai ikaletwa. Ulimi unakataa. Mimi nilimpenda mwanamke, na huyohuyo ndiye ninayemlilia, lakini siwezi kuwatukana watu ambao hadithi yao ndiyo iliyonishika mkono. Isitoshe, ukoo wetu ni mkubwa. Sijui nani kikaoni amewahi kufiwa na mtu asiyeweza hata kumtaja, akajifuta uso na kwenda kazini. Sitaki anisikie mimi nikisema maneno hayo.

Mwanangu mkubwa, aliye sekondari, ameshayasikia. Aliniuliza, "Baba, ni kweli unaangalia mambo hayo?" Nikamjibu kwamba ni filamu ya mtu aliyefiwa, naye alikuwa mwanaume aliyempenda mwanaume. Akanyamaza, kisha akaomba siku moja tuiangalie wote. Ina mambo ya watu wazima, nimemwambia asubiri akue. Ila tulikaa pale tukamzungumza mama yake mpaka usiku mwingi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona analia.

Dada ana hoja moja ninayoipa uzito. Anasema kurudia filamu ileile kila mara ni kukichokonoa kidonda ili kisipone. Mimi naona nafuu, lakini huenda aliye ndani ya jambo haoni vizuri.

Nishauri, Shangazi. Hiyo Jumamosi niseme nini nisidanganye wala nisimvunjie dada heshima mbele ya wadogo zake? Au nizungumze naye kabla, sisi wawili, nimwonyeshe lile sweta? Na je, kuitazama filamu hii mara kwa mara kunanisaidia kweli, au kunanichelewesha? Watoto wamemzoea mno shangazi yao, na sitaki wampoteze na yeye.

Ni mimi,
Mfiwa