Msiige paa la Shirakawa mkaacha moshi na majirani

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu majumba ya wakulima ya Shirakawa-go, Japani, nimeisoma na nikairudia. Picha zilipendeza. Kilichonikera ni maelezo ya ujenzi: mwandishi anasema siri yote ya nyumba zile ni kwamba hazina msumari, kisha anazishauri hoteli za pwani yetu ziige paa hilo la manyasi lenye mwinuko mkali. Mimi kazi yangu ni kuezeka makuti. Kuezeka bila msumari si muujiza. Huku kwetu makuti yamefungwa kwenye pao, zile fito za kulalia makuti, kwa kamba tangu enzi za mababu. Siri ya nyumba zile iko pengine.

Tuanze na miguu ya makombamoyo. Yale magogo makubwa yanayobeba paa yamechongwa ncha upande wa chini, kama penseli, na kila ncha imeketishwa ndani ya kitundu kilichochimbwa kwenye ncha ya boriti kubwa ya kukingama. Haikupigiliwa wala haikubanwa. Upepo ukisukuma, au theluji ikilalia upande mmoja zaidi ya mwingine, mguu unajigeuza kidogo ndani ya kitundu chake na paa zima linajikalisha upya. Sehemu ya chini ya nyumba ni kazi ya seremala, ya ndimi na vigingi vilivyochongwa kwa kipimo. Ya juu ni kazi ya wanakijiji wenyewe, ya kamba za majani na fito mbichi zilizosokotwa zikalainika, ambazo zikikauka hukaza. Kwa hiyo pale mnaona kazi za watu wa aina mbili, moja imekaa juu ya nyingine, na ile ya juu inaruhusiwa kucheza. Hili ndilo lingestahili picha kubwa ya ukurasa mzima.

Na boriti zenyewe si zote zimenyooka. Miti inayoota kwenye miteremko ya milima ile hulemewa na theluji ingali michanga, ikakua imepinda kwenye shina. Fundi wa kwetu angeikataa. Wao waliitafuta makusudi, maana mpindo ule unafaa kubeba mzigo.

Mwinuko wa paa unakaribia digrii 60. Sababu yake ni theluji, ambayo katika bonde lile la mto Shogawa huanguka kwa wingi wa kutisha. Katika Ogimachi, kijiji kikubwa cha Shirakawa-go, nyumba nyingi zimeelekezwa namna moja: visusi, yaani zile pembetatu za miisho ya paa, vinatazama kaskazini na kusini, kwa kufuata upepo wa bondeni, na vipaa viwili, yaani miteremko ya paa, vinatazama mashariki na magharibi ili kila kimoja kipate jua lake, theluji iyeyuke na manyasi yakauke. Sasa niambieni, Watamu au Diani theluji itatoka wapi? Mvua inahitaji mwinuko, hilo sibishi, lakini digrii 60 kwa makuti ni kumuuzia mwenye hoteli manyasi na mbao asizozihitaji.

Mwandishi ameligusa dari kwa sentensi moja tu, nalo ndilo lililozifanya nyumba zile zikawa kubwa kiasi kile. Chini ya paa kuna ngazi tatu au nne za sakafu, na humo walifugwa viwavi wa hariri, wakilishwa majani ya mforsadi. Madirisha ya kwenye visusi yaliwaletea mwanga na hewa. Sakafu za juu zina nafasi kati ya ubao na ubao, ili joto na moshi wa jiko viweze kupanda mpaka kileleni. Chini kabisa, kwenye udongo ulio chini ya sakafu ya sebule, walitengeneza shura, aina ya chumvi, kwa kuchanganya udongo, majani na kinyesi cha viwavi hao hao, ikauzwa kutengenezea baruti. Hata familia ya Wada, ambayo jumba lake ndilo kubwa kuliko yote Ogimachi, ilihusika na biashara hiyo. Mkulima wa bonde lenye mashamba haba aliigeuza nyumba yenyewe ikawa shamba.

Moshi ule ndio dawa ya paa. Unafukuza wadudu, unakausha manyasi kutoka ndani, unazipaka kamba masizi zikawa nyeusi na ngumu. Paa la namna hiyo huweza kukaa miaka 30 hadi 40. Zimeni jiko, mtaona litakavyooza mapema.

Halafu kuna watu. Kuezua na kuezeka upya kipaa kimoja ni kazi ya siku moja au mbili, lakini ya watu 100 au 200 kwa mpigo. Wenyewe huita yui, nasi tungesema ujima: leo kwangu, kesho kwako, na kila nyumba inajua inadaiwa nini. Siku hizi kazi nyingi hufanywa na mafundi wa kulipwa na serikali inachangia gharama, ila ujima haujafa. Mwaka 1971, miaka 24 kabla ya UNESCO kuviorodhesha vijiji vile kuwa urithi wa dunia, watu wa Ogimachi walikubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Na kwa kuwa manyasi ni manyasi, kila majira ya kupukutika majani hufanya zoezi la kuzima moto, mizinga ya maji ikirusha juu ya mapaa yote kwa pamoja. Ni hoteli ngapi zetu za makuti zina hata bomba moja linalofika kileleni?

Kama kuna mwekezaji aliyevutiwa, na achukue ule mguu wa kombamoyo, auonyeshe kwa seremala mzuri, aone kama utafaa kwa upepo wa kusi. Mwinuko wa digrii 60 auache huko huko.

La mwisho, tafadhali sahihisheni maelezo ya picha ya ukurasa wa pili. Ile ni nyumba ya ukoo wa Yanohara, na haiko Shirakawa tena. Ilihamishiwa bustani ya Sankeien, Yokohama, mwaka 1960, kwa sababu bwawa la Miboro lilikuwa linajengwa na bonde lake lingefunikwa na maji. Ndiyo maana mlango wake siku hizi una saa za kufungua na kufunga. Majirani wa kuiezeka walibaki milimani, lakini jikoni bado wanawasha moto.

Fundi makuti,
Kilifi